Mhasibu Jukwaani: Mchezo Ambao Darasa la Uhasibu Halijaucheza

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuona uhasibu umebisha hodi katika kurasa ambazo kwa desturi hujadili vina na mizani, ngeli, na hatima ya tamthilia ya Kiswahili. Mshangao huo una haki yake. Hata hivyo, naomba nisikilizwe, kwa sababu wenzetu wa uhasibu wameingia katika shamba ambalo sisi tumelilima kwa miaka mingi, nao wameingia bila jembe. Wanasema mwanafunzi wa uhasibu afunzwe kwa michezo.

Wito wenyewe si mgeni duniani. Huko Marekani na Ulaya, michezo ya kibiashara imetumiwa kufundishia kwa zaidi ya nusu karne, na leo ipo ya ubao, ya karata na ya kompyuta. Mimi nauunga mkono. Ninachopinga ni dhana kwamba mchezo wowote wenye fedha ndani yake hufaa, na kwamba kazi ya kuuchagua ni ya wahasibu peke yao. Dai langu ni kwamba stadi inayomponyoka mhasibu wetu chipukizi si ya kupiga hesabu bali ya kuzieleza hesabu hizo kwa mwenye mali. Mchezo unaoweza kumjengea stadi hiyo ni mchezo wa kuigiza, tena uigizwe kwa Kiswahili. Mchezo huo hauwezi kubuniwa bila sisi.

Tuanze na kile ambacho taaluma yenyewe inakidai. Shirikisho la Kimataifa la Wahasibu, IFAC, limeweka viwango vya elimu ya wahasibu, na kiwango cha tatu kinahusu stadi za kitaaluma. Kinazigawa katika makundi manne: stadi za kiakili, stadi za mahusiano na mawasiliano, stadi za kibinafsi, na stadi za kupanga na kuendesha kazi. Kiwango cha nne kinahusu maadili. Atazamaye orodha hiyo kwa makini ataona kwamba sehemu kubwa yake haipimiki kwa karatasi ya mtihani. Unaweza kumpa mtahiniwa urari usiolingana akautengeneza ukalingana barabara, naye asiweze kumweleza mamake kwa nini chama chake kimetangaza faida ilhali hakuna gawio.

Inafaa pia kukumbuka kwamba ndoa ya uhasibu na mchezo ni kongwe. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko ambaye kitabu chake cha hisabati kilichochapishwa Venice mwaka 1494 kilieneza mfumo wa kuandika kila muamala pande mbili, alikuwa mpenda michezo. Katika kitabu hichohicho alijadili jinsi wachezaji wawili wanavyopaswa kugawana dau iwapo mchezo umekatizwa kabla ya kwisha. Aliandika pia muswada mzima juu ya sataranji, uliodhaniwa umepotea hadi ulipogunduliwa tena mwaka 2006 katika maktaba moja ya mji wa Gorizia, Italia. Kwa hivyo anayedhani kwamba mchezo unaishushia hadhi taaluma hii nzito, na amwulize huyo anayeitwa baba yake.

Sasa tuitazame michezo yenyewe. Unaotajwa mara nyingi ni Monopoly. Walimu kadhaa wa uhasibu wameugeuza ubao wake kuwa zoezi la vitabu: kila mchezaji ni kampuni, kila anaponunua kiwanja au kulipa kodi ya pango anaandika muamala katika jarida la hesabu, anauhamishia kwenye leja, na mwishowe anatayarisha taarifa ya mapato na mizania. Zoezi ni zuri, sikatai. Mwanafunzi anaandika miamala aliyoifanya mwenyewe badala ya ile ya kampuni ya kubuni iliyochapishwa kitabuni, na akikosea, kosa linamwuma kwa sababu ni lake.

Lakini sisi wa fasihi tumefunzwa kuuliza matini inasema nini chinichini, na mchezo nao ni matini. Monopoly ulitokana na mchezo uliobuniwa na mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, aliyepata hataza yake mwaka 1904. Nia yake ilikuwa kuonyesha jinsi wamiliki wa ardhi wanavyotajirika huku wapangaji wakifukarika. Ulipofika sokoni mwaka 1935 kupitia kampuni ya Parker Brothers, onyo lilikuwa limegeuka sherehe: anayewafilisi wenzake wote ndiye anayepigiwa makofi. Katika nchi kama Kenya, ambako ardhi imeliza watu vizazi na vizazi, sidhani kwamba ni jambo dogo kumfunza mhasibu wa kesho kwa ubao ambao ushindi wake ni kubaki peke yake na viwanja vyote. Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba mchezo huo ni bubu. Mchezaji huandika, hujumlisha, hushinda au hushindwa, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna anayemwuliza, 'Hebu nieleze.'

Kuna wenzangu watakaoruka hapa na kusema, basi tuchukue bao letu. Nawaelewa, na kwa kiasi fulani wanasema kweli. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kete zilizoliwa haziondoki ubaoni bali husambazwa upande wa aliyezila, hivi kwamba kinachopungua kwa mmoja ndicho kinachoongezeka kwa mwingine, na jumla haibadiliki. Mwalimu wa uhasibu akitaka mfano wa kanuni ya pande mbili, atapata wapi ulio bora kuliko huo? Hata istilahi zinapeana mkono: awamu ya pili ya bao, baada ya namua, huitwa mtaji, na mtaji ndio kitu cha kwanza anachoandika mfanyabiashara anapofungua daftari. Pamoja na hayo yote, siungi mkono kuliingiza bao katika darasa la uhasibu kwa sababu tu ni letu. Bao hufunza kufikiri hatua nyingi mbele, nalo hulifunza hilo kwa namna isiyo na mfano. Lakini bingwa wa bao hatakiwi kumtolea mtu yeyote maelezo. Mwenyeji akiwa bubu, ububu haugeuki kuwa hekima.

Mfaransa Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu michezo na watu, aliigawa michezo katika mafungu manne kwa kutazama kinachotawala ndani yake: ushindani, bahati, uigaji, na kizunguzungu. Tukiupima mjadala wa wahasibu kwa kipimo hicho, tunaona kwamba michezo yao karibu yote inakaa katika mafungu mawili ya kwanza. Fungu la tatu, la uigaji, ambalo mtu huvaa nafsi isiyo yake akasema na kutenda kama mwenye nafsi hiyo, limeachwa mlangoni. Nalo ndilo fungu letu.

Kiswahili chenyewe kilishalijua hili. Neno letu mchezo halitenganishi ubao na jukwaa: bao ni mchezo, na tamthilia ni mchezo wa kuigiza. Isitoshe, akina mama wanaochanga fedha na kupokezana kwa zamu husema wanacheza upatu. Hawakopeshani upatu wala hawauwekezi, wanaucheza. Ndani ya kitenzi hicho kuna zamu, kuna kanuni, kuna wachezaji wanaotazamana machoni, na kuna aibu kuu kwa anayevunja mchezo. Wanaupatu wamedumu kwa sababu kila mmoja anaweza kueleza, bila daftari, nani amepokea na nani bado. Ni uwajibikaji unaoishi mdomoni.

Basi nipendekeze mchezo. Nauita Mkutano Mkuu.

Wachezaji wawe kati ya kumi na kumi na watano. Wanafunzi wa uhasibu wacheze mhasibu, mwenyekiti na mkaguzi wa hesabu. Wanachama wachezwe na wanafunzi wa Kiswahili, na hapa msomaji asicheke, maana ujinga wetu wa uhasibu ndio mali tunayoichangia: hatutalazimika kujifanya hatuelewi. Chama chetu ni ushirika wa wafugaji wa maziwa. Mwaka huu kimeuza lita 100,000 kwa shilingi 55 kila lita, yaani shilingi 5,500,000. Wakulima wamelipwa shilingi 42 kwa lita, jumla 4,200,000. Mishahara, mafuta na gharama nyingine zilizolipwa taslimu ni 600,000. Lori lilinunuliwa kwa shilingi 4,000,000 mwanzoni mwa mwaka uliotangulia na linatarajiwa kutumika miaka 10, hivyo uchakavu wake ni 400,000 kwa mwaka. Faida ni shilingi 300,000. Lakini mnunuzi mkuu wa maziwa bado anadaiwa 900,000. Anayejua kujumlisha ataona kwamba fedha zilizoingia ni 4,600,000 na zilizotoka ni 4,800,000. Chama kimepata faida ya laki tatu, na sanduku limepungua kwa laki mbili.

Mhasibu anasimama mbele ya wanachama. Kila mwanachama ana kadi inayomweleza yeye ni nani na anataka nini. Mmoja ni mzee aliyewahi kuwa mwekahazina na anajidai kujua kila kitu. Mwingine ni kijana anayetaka kujitoa chamani na kupewa akiba yake leo. Wa tatu ni mama wa makamo ambaye kadi yake inasema: umeleta lita tisa kila asubuhi mwaka mzima, na karo ya mwanao inategemea gawio. Mama huyo ananyanyuka:

'Mwanangu, lori liko pale nje, nimelipita nikiingia. Hakuna aliyeliuza, hakuna aliyeliiba. Hizi laki nne mnazosema zimetoka, zimekwenda wapi?'

Hapo ndipo mtihani ulipo. Mhasibu anayejibu kwamba kanuni za kimataifa zinataka gharama ya mali isambazwe katika kipindi cha matumizi yake atakuwa amesema kweli tupu, na mama ataketi akiwa na hakika kwamba ameibiwa. Anayejibu kama mtu atasema: 'Mama, siku tuliyolinunua lile lori tulitoa milioni nne. Hatukuzitoa kwa ajili ya mwaka mmoja, tulizitoa kwa miaka kumi ya kubeba maziwa yako. Kila mwaka lori linakula fungu moja katika mafungu hayo kumi. Laki nne hizi hazikutoka sandukuni mwaka huu. Ni sehemu ya zile zilizotoka siku ile, na mwaka huu tumeitumia.' Kisha ajiandae, kwa kuwa mama atauliza tena: kama hizo hazikutoka, mbona sanduku limepungua? Ndipo alete habari za mnunuzi anayedaiwa laki tisa.

Alama hazitolewi kwa ufasaha wa mhasibu. Baada ya kila jibu, mwanachama mmoja anachaguliwa kwa kura kulirudia kwa maneno yake mwenyewe. Akilirudia sawasawa, mhasibu anapata alama. Akilipotosha, alama imepotea, hata kama mhasibu alizungumza kama redio. Na kila mhasibu anapokimbilia neno la Kiingereza ambalo wanachama hawalijui, wanachama wanamdai mji, kama tufanyavyo katika vitendawili msikilizaji anaposhindwa kutegua. Akishatoa miji mitatu anaketi, na mwenziwe anachukua nafasi yake.

Kuna kadi moja ya siri. Mwenyekiti anaipata kabla ya mkutano, nayo inamwagiza amwite mhasibu kando amnong'oneze: 'Zile laki tisa mnunuzi ameahidi kuzilipa wiki ijayo. Tuandike kwamba zimeshaingia, wanachama watulie.' Faida haitabadilika hata senti moja, kwa kuwa mauzo yalishaandikwa. Kitakachobadilika ni sanduku, ambalo badala ya kuonyesha upungufu wa 200,000 litaonyesha ongezeko la 700,000. Kishawishi kina nguvu kwa sababu kinafanana sana na ukweli. Mhasibu afanye nini? Mchezo haumwelekezi. Lakini mkaguzi ana taarifa ya benki mkononi, na wanachama wana haki ya kumwuliza lolote.

Augusto Boal wa Brazili, aliyeturithisha jukwaa ambalo mtazamaji anaruhusiwa kupanda na kuubadilisha mwenendo wa igizo, angelitambua jambo hili mara moja. Mkutano ukishindikana, turudi nyuma, mwingine aingie katika nafasi ya mhasibu, tuone kama atamjibu mwenyekiti vingine. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanalifanya zoezi la namna hii vijijini kuhusu afya na mazingira. Ni kizingiti gani kinachozuia lisifanywe kuhusu mizania?

Lugha katika mchezo huu si pambo. Waliosoma uhasibu wananiambia kwamba wanagenzi wengi hutumia muhula mzima kukariri kwa Kiingereza nani ni nani kati ya anayedai na anayedaiwa. Kiswahili kinalimaliza jambo hilo kwa kiambishi kimoja: mdai ana haki ya kulipwa, mdaiwa ana wajibu wa kulipa, na ile w ya kauli ya kutendwa inasimama katikati kama mizani yenyewe. Vivyo hivyo kopa, kopesha, kopeshwa, kopeshana: muamala mmoja umenyambuliwa mbele ya macho yako na kila mhusika amepewa mahali pake. Mfumo wa pande mbili umo tayari ndani ya mofolojia yetu, na ni ajabu kwamba tunamtuma mtoto aufuate mbali. Istilahi zipo pia. Daftari, stakabadhi, ankara, hisa, bima, hundi: haya ni maneno yaliyosafiri katika majahazi ya Bahari ya Hindi pamoja na bidhaa zilizohesabiwa kwayo. Biashara ya pwani hii haikungoja Kiingereza ndipo ijue kuandika deni.

Atakayesema kwamba Kiswahili kinafaa kwa upatu lakini si kwa ukaguzi wa hali ya juu, na avuke mpaka wa Namanga. Nchini Tanzania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kwa Kiswahili pia, na msamiati wake umefika hadi vijiweni. Mwuza magazeti anajua kwamba halmashauri iliyopata hati yenye shaka ina jambo la kueleza. Kwetu, Katiba ya 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na kifungu chake cha 201 kinadai uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Je, umma ushiriki vipi katika jambo unaloelezwa kwa lugha ya wachache?

Najua litakaloletwa dhidi yangu. Kwanza, kwamba vijana wetu tayari wanacheza kupita kiasi, na hapa wanaolalamika wana hoja. Katika mabweni mengi neno gemu limekuwa jina la heshima la kamari, na wapo waliokwisha kuweka fedha za karo juu ya kindege kinachopaa kwenye simu. Lakini hiyo ni michezo ya bahati iliyovishwa joho la ujuzi. Dawa yake haiwezi kuwa kuwanyima mchezo ambamo hesabu inaonekana wazi. Pili, kwamba mitihani ya uhasibu iko kwa Kiingereza, na muda ni mfupi. Ni kweli. Mkutano Mkuu unahitaji saa mbili na kadi zilizokatwa kwa makasi. Mwanafunzi aliyekwisha kumweleza yule mama uchakavu ni nini hatashindwa kuueleza kwa mtahini, kwa lugha yoyote ile.

La tatu ndilo zito, nalo linasema kwamba wizi wa fedha za umma hautokani na wahasibu kushindwa kueleza bali na wahasibu kukataa kueleza. Mwanzoni mwa 2025, ripoti ya ukaguzi wa kiuchunguzi kuhusu KUSCCO, mwavuli wa vyama vya akiba na mikopo nchini, ilitaja hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Hakuna mchezo wa darasani ambao ungewazuia waliokusudia. Nakubali. Ila ninauliza juu ya upande wa pili wa ukumbi, juu ya wanachama wanaoketi mwaka baada ya mwaka, wakisomewa mizania kwa lugha na kasi isiyoruhusu swali, wakapiga makofi na kwenda kunywa soda. Mkutano Mkuu hauwafunzi wahasibu peke yao. Sisi tunaocheza wanachama tunajifunza kunyanyuka na kuuliza fedha zimekwenda wapi, na kutoketi hadi tuweze kulirudia jibu kwa maneno yetu.

Kazi iliyoko mbele ya chama chetu ni ndogo na inaweza kuanza muhula huu. Idara ya Kiswahili iandike barua kwa idara ya uhasibu kuomba alasiri moja, wao walete vitabu na sisi tulete kadi. Wahadhiri wetu wa isimu watusaidie kusawazisha istilahi, maana tayari kuna mzozo: wengine wetu wanataka uchakavu, wengine wanadai neno hilo linafaa nguo na si lori. Kadi ya mama wa lita tisa imeshaandikwa, pia ya mzee mjuaji na ya mwenyekiti. Ya mkaguzi haijakamilika. Hatujaafikiana kama aruhusiwe kuzungumza kabla ya kuulizwa, au akae na taarifa yake ya benki mkononi, kimya, mpaka mwanachama mmoja akumbuke kumgeukia.